Mimi Nashukia Busia

Mabasi ya usiku yanayotoka Nairobi kwenda Kampala yana njia mbili. Moja hupita Nakuru, Eldoret na Bungoma na kuvukia Malaba. Nyingine hukata Kericho hadi Kisumu, ikapita Maseno, Yala, Ugunja na Bumala, na kuvukia Busia. Kwa kawaida anayekwenda Tororo hupanda la Malaba, kwa sababu kutoka Malaba hadi Tororo ni kilomita kumi na kitu tu na basi lenyewe hupita hapo hapo. Lakini ilikuwa wiki ya kufunga shule, viti vya Malaba vimekwisha tangu adhuhuri, na ami yangu wa Tororo alikwisha kuahidiwa kwamba Jumamosi mchana nitakula kwake. Nikachukua la Busia. Karani akaniandikia tiketi ya Kampala. Nilipomweleza kwamba mimi nashukia mpakani, alinijibu bila kuinua macho: nauli ni hiyo hiyo, shukia Busia, shukia Jinja, shukia popote.

Sasa, basi la Busia likishavuka mpaka hufuata barabara hadi njia panda ya Namutere, kisha hukunja kushoto kuelekea Bugiri, Iganga na Jinja. Tororo iko kulia. Ukibaki kitini utaachwa Namutere kando ya lami na begi lako, ukingojea gari lenye nafasi kutoka upande wa Bugiri. Kwa hiyo anayeijua njia hushuka Busia, huvuka kwa miguu yake na kutafuta gari la Tororo upande wa Uganda. Kushuka kwenyewe hakuna taabu. Taabu ni mzigo.

Buti la basi la masafa marefu lina utaratibu wake, na vijana wanaolipakia wanaujua kwa kichwa. Mzigo wa mbali huingia kwanza na kusukumwa hadi ndani kabisa. Wa karibu hufuata, ukakaa mlangoni. Kila mzigo hubandikwa kikaratasi chenye jina la mji, na kipande chake hupewa mwenyewe. Tiketi ikisema Kampala, kikaratasi nacho husema Kampala, na begi lako hulala chini ya magodoro, marobota ya mitumba na katoni za vipuri vya magari. Ukimwendea kijana alfajiri pale Busia ukamwambia unataka begi lako, ana haki ya kukutazama kama umepungukiwa. Abiria hamsini wana haraka ya kupanga foleni, nawe unataka buti lote litapishwe kwa ajili yako.

Nilisafiri na begi moja la mgongoni na kikapu kimoja cha ukili. Begi nililiweka kwenye rafu ya juu, kikapu nikakibana katikati ya miguu. Ndani ya kikapu mlikuwa na halwa ya Mombasa, tende na chupa ya achari ya maembe, kwa kuwa ami ameishi Tororo tangu ujana wake na bado analalamika kwamba huko hawajui ndimu inavyotakiwa kutiwa chumvi. Makanga alipita akikusanya mizigo, akanyoosha mkono kwenye begi langu. Nikamwambia liache. Nikamwambia pia, papo hapo Nairobi, kabla injini haijawashwa, kwamba mimi nashukia Busia na sivuki na basi.

Aliyesikia akageuka ni jirani yangu wa dirishani, kijana wa Likoni mwenye mabega mapana na sauti ya chini.

"Ala, kumbe wewe ni wale wa kwanza kushuka," akasema.

Nikadhani ananitania. Kumbe alikuwa anasema jambo la kazini kwake. Alikuwa amefanya kazi miaka kadhaa kwenye meli za watalii, zile kubwa zinazozunguka Karibi na Mediterania, akihudumia vyumba. Usiku wa mwisho wa safari, alinieleza, abiria huambiwa waweke masanduku yao nje ya mlango wa chumba kabla ya kulala. Kila sanduku lina lebo ya rangi au namba. Wahudumu huyazoa usiku kucha, maelfu ya masanduku, na kuyateremsha chini. Asubuhi, meli ikishafungwa gatini na maofisa wa uhamiaji na forodha wakishatoa ruhusa, abiria huitwa rangi kwa rangi, na huko bandarini huyakuta masanduku yamepangwa kwa rangi hizo hizo. Lakini wapo wasiotaka kungoja. Mwingine ana ndege ya kuwahi, mwingine hapendi tu kuamrishwa. Hao hukaa na masanduku yao chumbani na kushuka nayo wenyewe, kabla ya wengine. Sharti lao ni moja: ubebe vyote kwa mara moja, kwa mikono yako. Hakuna mhudumu atakayekushikia hata mkoba, na lifti saa hizo zimejaa watu wenye wazo kama lako.

"Na huwa wanaweza?" nikamuuliza.

"Vijana wanaweza. Wazee hujidanganya. Utamkuta bibi wa miaka themanini kwenye ngazi na masanduku matatu, anamfokea mumewe. Na wewe umekatazwa kumsaidia, kwa sababu yeye ndiye aliyechagua."

Nikamuuliza yeye mwenyewe safari hii kabeba nini. Akanyamaza kidogo, kisha akacheka hadi abiria wa mbele wakageuka. Kwenye buti alikuwa na televisheni ya inchi hamsini, masanduku mawili, baiskeli ya mtoto na mashine ya kufulia iliyofungwa blanketi. Mkewe ni Mganda, wana nyumba Ntinda, na mkataba wa meli ulikuwa umekwisha. Kila kitu chake kilikuwa na kikaratasi cha Kampala.

Tulifika Kisumu usiku mkubwa. Basi lilisimama kwa chai na haja, nami nikashuka kunyoosha magoti. Mji huu ulizoea zamani kushusha watu na mizigo yao. Reli kutoka Mombasa ilifika hapa ziwani Desemba 1901 na kuishia. Aliyetaka kwenda Kampala au Entebbe alishuka treni, wapagazi wakachukua masanduku, akapanda meli. Meli zenyewe zilikuwa William Mackinnon, kisha Winifred, Sybil na Clement Hill, zote zikiwa zimeletwa vipande vipande kutoka Uingereza na kuunganishwa hapa hapa ufukweni. Mambo yalikwenda hivyo karibu miaka thelathini, hadi reli nyingine iliyopita Nakuru, Eldoret na Tororo ilipofika Kampala mwaka 1931. Tangu hapo abiria wa Uganda hakuwa na haja ya kuiona Kisumu.

Na mpaka nao haukuwa hapa ulipo leo. Kabla ya Aprili 1902, Kisumu na nchi yote hadi Naivasha ilihesabiwa kuwa Uganda. Waingereza wakaona ni shida reli moja kutawaliwa na serikali mbili, wakalihamisha jimbo zima kwa karatasi. Ndiyo maana leo Wasamia wako Kenya na wako Uganda, Wateso vilevile, na msiba wa familia moja hukusanya watu wenye vitambulisho vya rangi mbili. Haya nilimweleza kijana wa Likoni tuliporudi kitini. Alikuwa ameshalala.

Busia tuliingia kabla ya jua. Basi la kimataifa mpakani huwa na desturi moja: abiria wote hushuka na vitu vya mkononi, wavuke kwa miguu wapitie madirisha ya uhamiaji, na basi livuke likiwa na dereva na mizigo ya buti, likaguliwe, ndipo wakutane ng'ambo. Hapo ng'ambo makanga huhesabu vichwa. Akikosekana mmoja, basi haliondoki. Watazunguka wakikutafuta vyooni na kwa wauza chai, na hamsini watakulaani kwa lugha tano. Kwa hiyo makanga alipofungua mlango nilimkumbusha. Akatoa orodha yake, akaliwekea jina langu mstari kwa kalamu, akaniambia, "Sawa mzee, wewe tumemalizana. Salimia Tororo." Kwa jambo hilo dogo nampa heshima zake. Wapo wasafiri wanaoteremka kimya kimya, na basi zima likakaa saa nzima kumngojea mtu ambaye yuko njiani kwenda Mbale.

Kijana wa Likoni alishuka na kifuko chenye pasipoti, akitazama upande wa buti kama mzazi aliyemwacha mtoto shuleni siku ya kwanza. Tukaongozana.

Kituo cha pamoja cha mpakani hapa Busia kilizinduliwa rasmi tarehe 24 Februari 2018 na marais wawili, Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni. Kabla yake ulikuwa unapanga foleni upande wa Kenya upigiwe muhuri wa kutoka, unavuka kwa miguu katikati ya malori, halafu unapanga foleni nyingine upande wa Uganda. Sasa unayetoka Kenya hulipita jengo la Kenya bila kusimama. Unakwenda moja kwa moja hadi jengo la Uganda, na mle ndani maofisa wa nchi zote mbili wamekaa madirisha jirani: Mkenya anakutoa, Mganda anakuingiza. Anayetoka Uganda hufanya kinyume, shughuli zake zote ziko upande wa Kenya. Wageni wengi hupotea hapa kwa sababu hawaamini. Huona jengo la nchi wanayotoka, hudhani lazima waingie, hurudishwa.

Mkenya, Mganda na Mnyarwanda wanavuka kwa kitambulisho cha taifa tangu mwanzo wa 2014, na kwa anayekwenda na kurudi ni rehema kubwa, maana pasipoti hujaa mihuri upesi. Unachotakiwa kuwa nacho zaidi ni kadi ya manjano, ile ya chanjo ya homa ya manjano. Usiiache nyumbani ukitegemea kwamba wewe ni mtu wa hapa hapa. Mimi yangu imekunjwa hadi inakaribia kukatika, lakini tarehe inasomeka.

"Unaenda wapi, mzee?" aliniuliza ofisa wa Uganda, kwa Kiswahili chepesi kisicho na aibu. Baraza la mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi Julai 2022, lakini Busia hawakungoja baraza. Hapa biashara imeongea Kiswahili tangu zamani.

"Tororo, kwa ami yangu."

"Siku ngapi?"

"Wiki, akinivumilia."

Akatabasamu, akanipa karatasi yangu. Meza ya forodha ilikuwa mbele kidogo. Bibi mmoja mwenye sare aliniomba nifungue begi, akalipapasa juu juu, kisha akakazia kikapu. Alikiinua kifungashio cha halwa, akakinusa, akauliza ni sabuni au ni chakula. Nikamwambia ni chakula. Akakinusa tena. Nikamkatia kipande kwa kisu cha kalamu. Akakataa kwa adabu, mwenzake wa meza ya pili akakubali. Nikafunga kikapu nikatoka. Tangu nishuke ngazi za basi hadi nimesimama katika ardhi ya Uganda na vitu vyangu vyote, hata chai ya Kisumu ilikuwa haijapoa tumboni.

Kijana wa Likoni pia alishapiga mihuri yake. Kwa miguu alikuwa amevuka. Mzigo wake ulikuwa bado Kenya, ndani ya basi, nyuma ya mabasi mengine mawili. Tukapeana namba za simu na mikono, akaenda kukaa kwenye ukuta mfupi pamoja na abiria wenzake.

Alfajiri ya Busia ni saa ya wanaobeba. Wanawake huvuka na trei za mayai zilizofungwa kwa kamba za mpira, wengine na mabeseni ya nyanya, karanga, dagaa wakavu ambao upande wa Kenya huitwa omena na upande wa Uganda mukene. Wilibaro husukumwa na vijana wanaopiga mbinja badala ya honi. Wapo watu wenye ulemavu wanaoendesha baiskeli zao za magurudumu matatu kwa mikono, na chini ya kiti wamepakia sabuni, mafuta ya kula au unga. Biashara hiyo ya baiskeli za mikono imelisha familia nyingi za Busia na Malaba, na mwenye baiskeli mara nyingi huwa ameajiri kijana mzima wa kumsukuma nyuma mlimani. Nilimtazama mmoja akipita kati ya lori mbili za mafuta bila kupunguza mwendo. Dereva wa lori ndiye aliyepunguza.

Baiskeli za kawaida ndizo zilizoujenga mji huu. Tangu miaka ya 1960 vijana walipakia abiria nyuma, kwenye kiti kilichotiwa sponji, kuwavusha kati ya kituo cha nchi moja na cha nyingine, mahali ambapo gari lilihitaji karatasi nyingi na baiskeli haikuhitaji hata moja. Pikipiki zilikuja baadaye na kuchukua jina la boda boda pamoja na kazi, sasa ziko hadi Kigoma na Goma. Bado baiskeli chache zipo. Mzee mmoja aliniita nipande. Nikamwonyesha begi na kikapu. Akasema vyote vinaenea na bado kuna nafasi ya mke.

Mwenye bidhaa ndogo naye ana mlango wake siku hizi. Bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki zenye thamani isiyozidi dola 2,000 huvushwa kwa utaratibu rahisi, kwa cheti kifupi cha asili kinachotolewa pale pale mpakani, bila wakala na bila ushuru wa forodha. Wengi wa mama hawa wanaujua. Wengine bado hupita njia za panya, na ukiwauliza sababu hawataji ushuru. Hutaja muda, na hutaja siku ambazo milango hufungwa ghafla. Machi 2021 Kenya ilipiga marufuku mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu, marufuku ikaondolewa baada ya siku chache kwa masharti, lakini aliyekuwa na gunia lake barabarani siku hiyo hajasahau. Nami sioni ajabu. Ukishalala mpakani na mzigo unaooza, somo la jumuiya halikuingii.

Kitu kimoja cha kuangalia wakati wa kurudi ni mifuko. Kenya ilikataza mifuko ya plastiki tangu Agosti 2017, na Uganda kaveera ziko kila duka. Ukitoka Uganda na vitu vyako ndani ya kaveera, utavimwaga mezani uvihamishe, mbele za watu. Kikapu cha ukili hakina kesi na nchi yoyote.

Wabadilishaji fedha walikuwa wameshafungua, yaani walikuwa wameshakaa juu ya viti vyao vya plastiki na mabunda mapajani. Shilingi moja ya Kenya ilikuwa inaelea kwenye 28 za Uganda. Hesabu pesa zako mwenyewe, polepole, kabla ya kuondoka hatua moja, na usione haya.

Magari ya Tororo ni madogo, ya abiria, na huondoka yakijaa. Maana ya kujaa huamuliwa na dereva. Mimi nilikaa mbele na mama mmoja mwenye kuku wawili ndani ya boksi, begi magotini, kikapu juu ya begi. Mtu mwenye sanduku moja zaidi angelipia kiti cha pili au angengoja gari la nyuma, na nililiona hilo likitokea: bwana mmoja aliyevaa suti alibishana hadi tukamwacha. Tulipofika Namutere gari likakunja kulia. Mashamba ya muhogo na mtama yakafunguka, na mbele yake Mwamba wa Tororo ukasimama peke yake.

Mwamba huo una kimo cha mita 1,483 juu ya usawa wa bahari, na mji uko chini yake kabisa, kiasi kwamba kila anayekuelekeza njia huanzia kwenye mwamba. Hupandwa kwa ngazi za chuma zilizokazwa jiweni. Nilipanda siku ya tatu, kukiwa na ukungu. Nikauona Mlima Elgon kwa kukisia na Kenya kwa kuambiwa. Sitasema zaidi. Kilichonipendeza Tororo kiko chini, kituoni pa reli.

Ami alikuwa mkaguzi wa tiketi wa Reli ya Afrika Mashariki. Alihamishiwa Tororo mwishoni mwa miaka ya 1960, akaoa Mjopadhola, na shirika lilipovunjika mwaka 1977 na wafanyakazi kurudishwa makwao, yeye alisema kwao ni hapa. Mwaka ule haukuwa mwaka mwepesi wa kuchagua Uganda. Ana miaka sabini na kitu, anatembea kwa bakora, na kila jioni huenda kuitazama stesheni. Nilipofika kwake nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akachukua kikapu kabla ya kunikumbatia.

"Mzigo ni huu tu?"

"Ni huu tu, ami."

"Vizuri. Umesafiri kama abiria wa Soroti."

Tororo ni makutano, akanieleza, kana kwamba mimi ni ofisa mpya. Reli kuu huendelea Kampala. Tawi huachana nayo hapa kuelekea kaskazini, Mbale, Soroti, Lira, Gulu, hadi Pakwach kwenye mto Nile, ambako lilifika mwaka 1964. Treni ya kutoka Nairobi ilipoingia, abiria wa kaskazini walishuka hapa. Aliyekuwa amekabidhi mizigo yake kwenye behewa la vifurushi alipanga foleni na risiti yake, na behewa hilo lilikuwa na tabia ya kufunguliwa mwisho. Aliyekuwa na sanduku chini ya kiti chake alivuka jukwaa, akapanda treni ya pili na kuchagua dirisha. "Watu wa Soroti walijifunza," alisema. "Hawakukabidhi kitu. Wangeweza kubeba mbuzi chini ya kiti, na mimi niliwahi kumkatia mbuzi tiketi."

Leo stesheni haina abiria. Mabehewa ya mizigo bado hupita, na ami huyahesabu. Uganda ilitia saini Oktoba 2024 mkataba na kampuni ya Uturuki, Yapi Merkezi, wa kujenga reli mpya ya kilomita 272 kutoka Malaba hadi Kampala. Ami ameshaamua ataishi aione. Wakati huohuo anaridhika na saruji, kwa kuwa kiwanda cha Tororo, kilichoanzishwa miaka ya 1950, kinahitaji mabehewa, na pia radi. Mji huu uliingia katika vitabu vya rekodi kwa radi: kati ya 1967 na 1976 ulikuwa na wastani wa siku 251 za ngurumo kwa mwaka. Yeye alikuwepo miaka yote hiyo, anasema aliacha kushtuka mwaka wa kwanza.

Tulikula wali, kuku na matoke, halwa ikafuata na kahawa. Achari ilifunguliwa kabla ya vyote. Ilikuwa yapata saa saba na nusu mchana nilipompigia kijana wa Likoni kumjulia hali. Bado alikuwa Busia, kwenye ukuta ule ule. Mashine yake ya kufulia haikuwa na tatizo lolote. Karatasi zake zote zilikuwa sawa. Mle butini kulikuwa na marobota manne ambayo hakuna abiria aliyekubali kuwa ni yake, na basi halikuweza kuondoka mpaka yapatiwe mwenyewe. Akaniambia televisheni iko salama, ameiona kwa macho. Kisha akauliza tunakula nini.

Ami aliponiuliza ni nani nikamweleza. Akatikisa kichwa, akasema huyo angeshuka Kisumu apande meli.

Kwako wewe unayekwenda Tororo, Mbale au Soroti kwa basi la Busia: mwambie makanga kabla ya kuondoka Nairobi, hakikisha amelifuta jina lako kwenye orodha, na funga mzigo unaoweza kuunyanyua wote kwa mara moja. Vitu vikubwa vitume mbele kwa lori. Na ninyi wenye mabasi, nawaomba mambo mawili tu: tuuzieni tiketi ya Busia kwa bei ya Busia, na mtutengee pembe ya buti, karibu na mlango, sisi tunaoshukia mpakani.